Viatu vya Misumari

Kindu, tarehe 9 mwezi wa tatu 2001

Yassine,

Karatasi hii nimepewa na watu wa Musalaba Mwekundu. Wanasema niandike habari za jamaa tu, na itasomwa na wengine mbele wewe uisome. Basi wasome. Mimi Safia binti Kasimu naandika kwa mukono wangu mwenyewe, sikuomba muntu.

Habari za jamaa njo hizi. Mama mudogo wako Jamila iko muzima. Chumvi hakuna, sabuni hakuna, treni haijapiga firimbi hapa tangu vita ianze. Mbuzi ile nyeusi askari waliikula. Ndugu yako Hamidou amekufa. Hiyo unajua, juu ulikuwepo.

Arobaini yake tuliifanya na muchele wa kuombaomba kwa majirani. Watu waliniuliza, mujukuu wako mwingine iko wapi? Nikajibu: anakimbia bado.

Muntu wa Kibombo alisema ulipita kwao na miguu imevimba. Mwingine akasema umevuka upande wa pili wa vita, umefika Lubumbashi. Nikasema ni kweli, miguu yake ni mizuri kwa kazi ile.

Nakuuliza neno moja. Mulikuwa wawili kwenye reli. Muliletwa kwangu mwaka mumoja, mama zenu wote wamekufa, mukalala mukeka mumoja. Ile filimu ya wakimbiaji wa zamani, muliiangalia kwa nyumba ya video ya Onema mara ngapi? Na mimi nilikuwepo. Yule murefu, Onema njo alimuita Kilometa, na yule mweupe sana akamuita Sabuni. Sabuni alipoanguka, Kilometa alifanya nini? Alirudi. Aliacha medali akarudi, akamubeba. Nyumba nzima ililia. Wewe ulipiga mikono kuliko wote.

Sasa siku yako ilipofika, ulifanya nini?

Kama huna jibu, usiandike.

Koko yako,
Safia


Lubumbashi, 30 Septemba 2001

Koko,

Nakuamkia. Karatasi yako imetembea miezi sita. Niko muzima. Nimepata kazi ya kupakia magunia. Mama mudogo Jamila namusalimia.

Umesema nisiandike kama sina jibu.

Mujukuu wako,
Yassine


Lubumbashi, 5 Februari 2023

Kwa Koko Safia, Kindu

Koko, nakuamkia kwa magoti. Mama mudogo Jamila ameniambia kama kila Idi, ukisikia sauti yangu, unamurudishia simu na kusema netiwaki imekatika. Kwa hiyo naandika. Barua nimemupa Léon wa treni, anasema wanaondoka juma hili kama mashini ikikubali.

Huku tuko salama. Muke wangu Claudine bado anauza vitambaa sokoni. Mwaka jana alipata homa kali, sasa amepona. Watoto ni watatu. Mukubwa, Nuru, ana miaka kumi na mine na ananipita urefu wa miguu. Anakimbia, Koko. Sikumufundisha mimi. Walimu njo walimuona akifukuza basi.

Nakuja kwenye neno. Juma lililopita Nuru alikuwa anatafuta mbio kwenye simu, akaniita: “Papa, kuja uone wazungu wa zamani, kaputula zao ni kama sketi!” Mimi nilitambua ule uwanja wa mbio uliomwagiwa majivu ya makaa mbele nitambue sura za watu. Miaka zaidi ya ishirini sikuwa nimeiona. Nilikaa pembeni yake tukaiangalia yote.

Sabuni anaanguka. Kilometa anageuza kichwa mara moja. Kisha anaendelea mpaka mwisho, anashinda, wanamuvisha medali. Sabuni anaokotwa na watu wengine, watu wasio na jina.

Niliirudisha nyuma mara tatu. Nuru akaniuliza, Papa, unatafuta nini?

Koko, hakurudi.

Yassine


Kindu, 2 Aprili 2023

Yassine,

Barua yako imefika jana, inanuka mazutu, yale mafuta ya treni. Léon anasema walikwama Kongolo majuma matatu wakingojea kipande cha chuma. Niko na saumu, kwa hiyo matusi yako nimeyaweka kando mpaka jua lishuke.

Jamila magoti yanamuuma, mudomo haumuumi. Mvua imebomoa jiko. Shamba letu la njia ya Kailo limetoa muchele muzuri, magunia mane, na ndege hawakula sana. Huyo mutoto umemupa jina la mama yangu bila kuniuliza. Vizuri. Lakini usifikiri umeninunua na jina.

Sasa hiyo filimu. Nimeisoma barua mara mbili, mara ya pili kwa sauti, Jamila asikie namna muntu wa miaka makumi mane anavyodanganya koko yake kwa kalamu. Hakurudi? Mimi nilikuwa kiti cha mbele pale kwa Onema, nyuma ya stesheni, kwenye ile nyumba ya mabati. Jenereta inapiga kelele, Onema amesimama kando ya televizheni na fimbo yake, anatufasiria. Kifaransa sijui, lakini macho yalikuwa mazima! Nilimuona Kilometa amemubeba Sabuni mabegani. Nilimuona kama ninavyoiona sufuria hii. Onema alipiga fimbo chini akasema: “Ameacha medali, watu wa Kindu! Amerudi kwa ndugu yake!” Wanaume wazima walifuta macho kwa mikono ya shati.

Simu zenu zinaweza kukata kichwa cha muntu na kumuwekea cha mbuzi. Wameikata wao. Ao umeikata weye.

Miaka yote hii nilingojea neno moja kutoka kwako. Sasa umeleta, njo hili: kwamba muzungu naye alikimbia. Muzungu yule alikuwa anakimbilia medali, hakuna muntu alimupiga risasi. Usijifananishe.

Hamidou angekuwa na miaka makumi mane na mine. Hana hata mutoto wa kumupa jina la mama yangu.

Safia


Lubumbashi, 20 Juni 2023

Koko,

Nakuamkia, na Idi ya kuchinja iwe na heri kwenu. Pole na jiko. Nimeongea na fundi mumoja wa huko, jina lake Sumaili, atakuja kutazama. Usimufukuze.

Claudine anakusalimia. Mutoto wetu wa mwisho ameanza masomo, analia kila asubuhi mpaka mulangoni.

Kuhusu filimu, sikukata kitu. Ile picha uliyoiona ya Kilometa kumubeba Sabuni mabegani, ipo. Ni kweli uliiona. Lakini iko mwanzoni, Koko. Wamelewa, wanatoka kwenye arusi, wanafanya muchezo barabarani. Ni mbele ya mbio. Sijui ilifikaje mwisho kule kwa Onema. Kama bado anaishi, yeye njo anajua.

Sikuandika ili nijifananishe. Niliandika kwa sababu ya Nuru.

Anakimbia muguu mutupu. Wenzake wote wana viatu vya mbio, vile vya misumari chini. Wanamucheka, wanamuita mwanamuke wa shamba. Mwalimu wake ameniita mara mbili. Anasema mwezi wa kwanza kuna mbio za jimbo na bila viatu hatamuandika. Nimeingia dukani. Nilishika kimoja, nikapitisha kidole kwenye misumari, nikakirudisha mahali pake nikatoka. Nilifanya hivyo siku tatu. Claudine alinipigia kelele mbele ya watoto: “Mwanaume gani anaogopa kiatu?”

Wewe njo unakumbuka namna tulivyojifunza mbio kule. Juu ya mbao za reli, moja baada ya moja, macho chini. Mimi nilikuwa muguu mutupu na sikufa.

Nuru anauliza kila siku kwa nini. Namutuma kwa mama yake sokoni. Na wewe, tafadhali, usiniulize.

Yassine


Kindu, 14 Agosti 2023

Yassine,

Fundi wako Sumaili alikuja. Jiko limesimama, lakini mulango ameuweka upande wa upepo, moshi wote unaniingia machoni. Nilimuambia. Akasema, Mama, upepo njo umehama. Ona watu unaonitumia.

Jamila amepata mujukuu, mvulana, kichwa kikubwa. Tunashukuru Mungu.

Nilivuka muto kwenda Alunguli. Miguu yangu hii, kwenye pirogi, na mupiga kasia anaimba kama anasafirisha ndizi. Nilitaka Onema aniambie kwa mudomo wake kama wewe ni mwongo, kisha nikuandikie hivyo na tumalize.

Onema amezeeka vibaya. Jicho moja limefunga. Anakaa kwenye kibanda anatengeneza radio za watu.

“Safia,” akasema, “hujakufa bado?”

“Nangojea wewe utangulie, nione kama barabara ni nzuri.”

Akacheka, akanipa kiti. Nikamuuliza pale pale, sikungoja chai. Ile filimu ya wakimbiaji, Kilometa alirudi ao hakurudi?

Alishika bisibisi yake, akaiweka.

“Nani amekuuliza?”

“Mimi njo ninauliza.”

“Safia, ile kaseti niliileta kutoka Kisangani. Siku ya kwanza niliionyesha kama ilivyo. Kilometa akaacha mwenzake chini, akaenda kuchukua medali. Watu walisimama. Wakavunja viti viwili. Mumoja akanishika shati: ‘Huyu ni shujaa gani, anaacha ndugu yake kwenye majivu?’ Watu wa Kindu hawakutoka nyumbani kwao kuangalia mambo kama yale. Nikaona video yangu itakufa. Kesho yake nikachukua mukasi. Nikakata pale anapogeuza kichwa na kuendelea. Nikachukua kile kipande cha ulevi, nikakibandika mwisho kwa gundi ya karatasi. Mengine nikayasema kwa mudomo.”

“Ulitudanganya.”

“Muliomba, nikawapa. Wewe mwenyewe ulirudi mara ngapi? Ulileta na jirani zako.”

Nikamuambia ni muntu mubaya. Akasema, ndiyo, lakini ile filimu ilitembea mpaka Kailo, na watu walipatana kwa sababu yake, kuna ndugu wawili wa Kibombo waliokuwa hawasemeshani, wakashikana mikono pale pale kwenye viti. Nikasema, mimi sikuja kusikia ya Kibombo.

Basi nimeshindwa. Filimu ulisema kweli. Naandika hapa kwa mukono wangu, hutasoma tena neno hili kutoka kwangu, kwa hiyo lisome vizuri: ulisema kweli.

Lakini Hamidou bado yuko chini ya udongo, na filimu haikumuangusha. Hamidou alikuwa anakimbia kuliko wewe. Muji muzima ulijua. Kwenye mbao za reli alikuwa anakuacha nyuma kila siku, na wewe unarudi umenuna. Siku ile wewe njo ulikuwa mbele, na yeye alianguka. Mutoto aliyekulia kwenye reli alianguka kwenye reli. Alianguka juu ya nini?

Umeniambia nisikuulize. Nauliza.

Safia


Lubumbashi, 8 Oktoba 2023

Koko,

Nakuamkia. Mwambie mama mudogo Jamila hongera kwa mujukuu. Sumaili nitamuambia ageuze mulango. Claudine na watoto wako wazima. Kazi ni kidogo.

Nuru ameacha kukimbia. Hajasema kama ameacha. Amechukua tu ile nguo yake ya mbio akaipangusia meza.

Umeuliza. Ilikuwa mvua, Koko. Ilinyesha, mbao zilikuwa zinateleza kama sabuni. Hamidou aliteleza. Mimi sikuteleza kwa sababu nilikuwa muguu mutupu. Askari walikuwa nyuma, wengi. Nilisikia ameanguka, nikaendelea. Njo hivyo tu. Hakuna kingine.

Tuliache sasa. Wewe umekuwa muntu muzima, mimi pia naanza kuzeeka. Kama unataka kunikasirikia, endelea, nimezoea.

Yassine


Kindu, 3 Desemba 2023

Yassine,

Barua hii ni ndefu, tafuta mahali ukae.

Jamila iko, mutoto wa kichwa kikubwa ameanza kukaa. Mulango wa jiko umegeuzwa. Léon yuko hapa na treni yake, inaondoka kesho kutwa, kwa hiyo naandika kuanzia asubuhi na nimemukataza kila muntu kuniita.

Umeniandikia mvua.

Siku ile ilikuwa mwezi wa saba. Mihogo yangu ilikuwa juu ya bati, na mupunga ulikuwa kwenye mukeka uani, nilikuwa nafukuza kuku. Mavumbi yalikuwa mpaka kwenye meno. Watu walipokuja mbio kuniletea habari, walikuja wamejaa mavumbi mekundu mpaka kope. Hakuna tone la mvua lililoanguka Kindu majuma sita. Wewe mwenyewe njo ulinitekea maji mutoni ile asubuhi, juu kisima kilikauka.

Kwa hiyo umenidanganya. Nimekaa na uongo wako siku kumi na moja, tangu barua ifike. Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili nikajiuliza, muntu aliyekubali miaka ishirini na tatu kuitwa muoga, anatafuta nini kudanganya juu ya mvua? Anamuficha nani? Na mimi si mujinga. Nilijua anamuficha nani.

Sasa nitasema, kisha sitasema tena.

Baada ya ile filimu, nilitaka mujukuu wangu awe na viatu vya misumari kama Kilometa. Nilitoa gunia la muchele, nikapata viatu vya turubai. Nikavipeleka kwa Henri, yule fundi wa chuma wa atelye ya kutengeneza treni. Nikamuambia, piga misumari sita chini, mitatu kila kiatu, yenye ncha. Henri akasema, Mama Safia, hivi ni vya uwanja wa udongo, watoto wako wanakimbia juu ya mbao. Nikamuambia afanye kazi yake, mudomo wake auache nyumbani.

Viatu vilikuwa pea moja. Nilimupa Hamidou. Wewe ulisimama pale mulangoni unaangalia. Nikasema, weye una miguu migumu, weye huhitaji. Nakumbuka sura yako. Hamidou nilikuwa namuita bwana yangu, utani wa koko na mujukuu, mbele ya watu wote, na wewe nilikuita Yassine tu. Hilo nalo nalijua.

Na kila asubuhi nilimufunga kamba mimi mwenyewe. Mwanaume wa miaka ishirini na moja, anacheka, ananiwekea muguu juu ya goti langu. Kamba zilikuwa za wavu wa samaki, nilifunga mafundo matatu, nayakaza kwa meno, nikisema hata shetani hatamuvua. Nilijivuna na mafundo yale.

Komanda wa askari alikuwa amekataza muntu kukimbia mujini. Anayekimbia, alisema, amebeba habari za adui. Wewe uliniambia, Koko, leo tusiende. Hamidou alikuwa tayari kukubali. Mimi njo nilisema, wajukuu wangu si wafungwa, nendeni nyuma kule kwenye reli, hawatawaona. Hilo hukuandika katika barua yoyote. Hukuliandika hata katika ile ya 2001, wakati nilikuwa nakutukana mbele ya watu wa Musalaba Mwekundu.

Walipomuleta, wanaume walimuosha. Mimi nilipewa viatu, juu hamuwezi kuzika muntu na viatu. Kiatu cha kulia kilikosa musumari mumoja. Nilikwenda mimi mwenyewe baada ya siku tatu, watu wakifikiri nimekwenda kuchuma sombe, majani ya mihogo. Nilihesabu mbao kutoka pale damu ilipokuwa. Niliuona. Umezama ndani ya mbao iliyooza, mpaka kichwa. Ulimushika pale kama mutego unavyoshika panya. Nilijaribu kuutoa kwa kucha, haukutoka.

Na kamba za kiatu kile, Yassine. Mafundo mawili yalikuwa yamefunguliwa. La tatu lilikuwa limelowa, na alama za meno juu yake. Za meno yangu ninazijua. Zile zilikuwa za kwake.

Alikuwa ameketi kwenye reli anafungua mafundo yangu.

Sitakuuliza aliita nini. Nadhani aliita: “Kamba!” Usinijibu. Kama alikuita jina lako, usinijibu pia. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, muguu mutupu, huna kisu, na watu wanapiga risasi. Hata ungerudi, ningewazika wawili, na fundo la tatu lingekuwa bado limefungwa.

Hayo yote niliyajua siku ya nne. Siku ya nne, Yassine. Nikaangalia nyumba, nikakuta kuna mahali pawili pa kuweka muzigo ule, kwenye mugongo wangu ao kwenye mugongo wako. Wako ulikuwa mbali, hauwezi kunijibu. Nikauweka pale. Nikatafuta na filimu ya kuufunga vizuri. Na wewe ukaubeba mpaka Lubumbashi, na ulipoona naanza kuuangalia, ukataka kuufunika na mvua.

Siombi musamaha. Sijui namna ya kuomba, na nimechelewa kujifunza. Na wewe usinitumie barua ya kusema umenisamehe, nitairudisha na Léon bila kuifungua. Sitaki huruma ya muntu niliyemunyima viatu.

Hamidou hatafufuka juu nimeandika. Jana nilivitoa vile viatu chini ya kitanda. Panya wamekula turubai. Misumari mitano iko, imeshika kutu.

Sasa sikia, na usifanye kichwa kigumu. Léon amebeba gunia la muchele wa shamba la Kailo, jina lako liko juu kwa rangi nyeusi. Usiupike. Uuze wote. Umununulie Nuru viatu vya mbio, vya kweli, vya duka, si vya Henri. Akimbie uwanjani, kwenye udongo. Akikaribia reli na viatu vile, umupige.

Akikuuliza vimetoka wapi, umuambie ni mukemwenzie wa Kindu amemutumia, yule muzee mwenye mudomo mubaya. Umuambie alikuwa na bwana mumoja aliyekimbia sana. Kisha umuambie alikuwa na wa pili, na hakuwahi kumuita hivyo.

Mimi sitakuja kuona hizo mbio. Wewe pia usije kunisalimia na machozi, njia ni ndefu na treni inalala Kongolo. Uje wakati mwingine, ukitaka. Mukeka upo.

Na kamba, usimufungie weye. Wala mama yake asimufungie. Mutoto afunge mwenyewe. Fundo moja, lile la kuvuta mara moja tu na linafunguka. Mufundishe mbele ya kumupa viatu. Avute mbele ya macho yako, mara mia, mpaka uone mukono wake unajua.

Safia